Watu wa Kasimu

— Watu wako iko wapi?

Kasimu aliweka kikombe cha chai chini. Mzee Bulaimu, muuza vitambaa wa mtaa wa Kasuku, alikuwa ameketi barazani kwake, koti lake la abakosti limefungwa hata kooni. Alimtazama kijana kama anavyotazama kitambaa ambacho hajui kimetoka kiwanda gani.

— Baba yangu amezikwa hapa Kindu, Muzee. Mama alibaki Mali.

— Senegali.

— Mali, Muzee.

— Njo kitu kimoja, hakuna tofauti. Umekuja peke yako kuomba binti yangu. Nani atasema juu yako? Hiyo mashini yako ya foto?

Nyuma ya pazia, Jamila, binti mwenyewe, alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa mkunga, amezoea kelele na damu, lakini asubuhi ile hakuthubutu kuchungulia.

— Sikatai tabia yako, — Bulaimu aliendelea. — Uko kijana muzuri. Lakini uko mugeni. Inchi hii unaijua wapi? Mimi nimezaliwa Kasuku hapa. Baba yangu amezaliwa Kasongo. Inchi hii iko ndani ya mifupa yangu.

— Hata Kailo hapo karibu ilikushinda, — mkewe alisema kutoka jikoni. — Ulilala siku moja, ukarudi sababu ya mbu.

— Mama Jamila, nani amekuita?

— Hakuna. Nasema na sufuria.

Kasimu alitaka kucheka, akajizuia.

— Nililetwa hapa mutoto, Muzee. Meno yangu ya utoto yalianguka Kindu. Sijui pengine pa kuita kwetu.

Bulaimu aligeuza macho kwenye kiwanja cha jirani. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Mwaka ule serikali ilikuwa imetwaa maduka ya wageni na kuyapa raia, na wageni wengi walifunga mizigo. Katika kiwanja cha jirani alibaki binti aliyeolewa na mmoja wao. Mume alipanda boti akisema atarudi. Kila asubuhi Bulaimu aliwaona watoto wa binti yule wakicheza mbele ya mlango wenye kufuli, na kila asubuhi alimfikiria Jamila.

— Siku mambo yakiharibika, wewe utakwenda, — alisema kwa sauti ya chini. — Binti yangu atabaki kuhesabu boti. Kuya Jumapili na watu wako. Wazee wa kukaa kwenye mukeka na kusema, huyu njo mutoto wetu. Ukiwakosa, usipige hodi hapa tena.

Kwa adabu ya mji wetu, kumwambia mtu asiye na ndugu alete ndugu ni kumkatalia bila kumtukana. Kila mmoja pale alielewa hivyo. Isipokuwa Kasimu.

— Asante, Muzee. Nitakuja nao.

* * *

Jamila alimfuata hadi bandarini, mahali mitumbwi inapovukia kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto.

— Uko na wazimu? Utawatoa wapi watu? Utaandikia Mali, barua ifike tukiwa wazee?

— Watu ninao.

— Nani?

— Wewe unafikiri namna gani napiga foto?

Jamila alikumbuka siku ya kwanza, alipokwenda kupigwa picha ya karti ya utambulisho. Alikuwa amekaza uso kama askari. Kasimu hakugusa mashini. Aliuliza tu: mama yako ametoka wapi? Jamila akaanza kusema, akasahau yuko mbele ya nani, akacheka, na hapo ndipo mashini ililia. Kumbe ndivyo alivyofanya kwa kila mtu, Kailo, Punia, mpaka vijiji ambavyo kamio, lori la mizigo, haifiki. Alisema uso wa mtu hulegea anapomtaja mama yake. Na kila aliyejibu alimpa pia mto, njia, kijiji, chakula, ugomvi wa zamani. Kasimu hakusahau hata kimoja. Jamila, aliyesoma jiografia na kufaulu vizuri, alipenda kumsikiliza akisema juu ya eneo lao la Maniema kama mtu anayesema juu ya nyumba yake.

— Kupiga foto ya muntu si kuwa mutoto wake, Kasimu.

— Njo kweli. Lakini iko muzee moja kule Obokote. Nilianguka na homa kwake, mvua ikafunga njia. Yeye na muke wake walinitunza mpaka nikasimama. Siku ya kuondoka alikataa zawadi. Alisema, mutoto halipi baba yake.

— Obokote, mbali namna ile! Na Jumapili njo hii inayokuja!

— Iko phonie.

— Phonie? Mji muzima utasikia!

— Wasikie.

* * *

Na kweli mji ulisikia. Phonie, redio ya kuitana mji kwa mji, ilikuwa kwenye depo, ghala la mchele, na mwendesha mitambo hakuwahi kujifunza kusema polepole.

— Punia, Punia, hapa Kindu! Habari kwa muzee Kalume wa Obokote! Kasimu wa foto anaoa! Ao tuseme, anaomba kuoa! Anahitaji watu Jumapili kwa muzee Bulaimu wa vitambaa! Mumepata?

Wanawake waliopanga foleni ya mchele walipiga vigelegele. Jamila alipoingia kazini, mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alimshika mkono akamuuliza kwanza habari za posa.

Ijumaa mchana jibu lilikuja, limejaa mikwaruzo:

— Kindu, hapa Punia. Muzee Kalume amepata kamio. Anauliza kama chai ya hao watu iko na sukari.

* * *

Jumapili, Bulaimu alitandika mkeka mmoja upande wa nyumba na mwingine upande wa wageni. Huu wa pili aliutandika kwa heshima tu, akiamini utabaki mtupu.

Wa kwanza kufika nyuma ya Kasimu alikuwa Mama Kabedi, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mluba wa Kasai, muuza mahindi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Kasimu alikuwa amepanga chumba kwake tangu baba yake alipofariki.

— Moyo wenu! — alisema mlangoni.

Bulaimu alitazama huku na huku.

— Anakusalimia, — mkewe alimnong'oneza.

— Karibu, mama. Jambo sana.

— Jambo! Tangu zamani nauza mbele ya duka yako, salamu ya Wakasai haujajua bado? Kijana huyu alijua wiki ya kwanza. Sogea, nikae. Mimi njo mama yake hapa.

— Wewe? Umemuzaa?

— Nimemuosha, nimemulisha, nimemugombeza. Kumuzaa tu njo ilinipita.

Hata Bulaimu alitabasamu kidogo. Ndipo hodi ya pili ikasikika. Mzee mfupi aliingia, mwekundu wa vumbi toka kofia hadi vidole, jogoo hai chini ya kwapa. Alikuwa mzee Kalume. Alimkabidhi Mama Jamila jogoo, akakaa kwenye mkeka wa Kasimu, akaonja chai, akaongeza sukari, akaongeza tena.

— Njia iko mbaya, — alisema. — Lakini mutoto akiita, baba anapanda hata juu ya magunia. Mimi njo baba yake. Tumekuja kuomba.

Bulaimu alikohoa.

— Muzee, nakuheshimu. Lakini mama moja wa Kasai, na wewe wa msitu, na kijana wa Senegali...

— Mali, — Mama Kabedi na Kalume walisema pamoja.

— ...wa Mali. Hawa njo ukoo gani? Hawana hata damu moja!

— Baba, — Jamila alisema kutoka mlangoni. — Ulisema alete watu wenye kusema huyu njo mutoto wetu. Wamekuja. Muzee huyu amelala juu ya magunia. Unataka nini tena?

Bulaimu alimtazama mkewe. Mama Jamila aliona afadhali alete chakula. Kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, kuku, na bakuli kubwa la kambale katika mawese, samaki wa kuwaheshimu wageni. Aliliweka bakuli katikati ya mikeka miwili.

Mzee Kalume alilisukuma kwa kidole, taratibu, kwenda upande wa pili. Wakati uleule Bulaimu naye alilisukuma kwa kidole, taratibu, lirudi. Bakuli likasimama katikati kama lisilojua liende wapi.

— Hauli kambale? — Kalume aliuliza.

— Sili. Hata watoto wangu hawali. Njo ya wageni tu.

— Juu ya nini?

— Mama yangu alitukataza. Nafikiri ilimuletea ugonjwa zamani.

— Si ugonjwa. — Mzee aliweka kikombe chini. — Njo mwiko. Sisi wa ukoo wetu, kule Obokote, hatuli kambale tangu babu wa babu. Mama yako alitoka wapi?

Bulaimu alifungua kinywa. Mtaa mzima wa Kasuku ulimjua kama mwenye nchi. Alijua kuhesabu mababu wa baba yake hadi Kasongo, mmoja baada ya mwingine, bila kujikwaa.

— Aliitwa Zainabu, — alisema. — Alitoka... juu. Kule juu. Baba alimuoa katika safari zake za mchele.

— Zainabu njo jina la hapa. Kwa mama yake aliitwa nani?

Bulaimu hakujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kuuliza.

— Alikuwa na kovu mkononi? — Kalume sasa alisema polepole sana. — Mukono wa kushoto, mawese ya moto, toka hapa mpaka hapa?

Mzee Bulaimu aliinua mkono wake mwenyewe, akapitisha kidole mahali palepale mzee alipoonyesha. Kisha akajifunika uso kwa shali yake.

— Nililala juu ya kovu ile, — alisema. — Kila siku nilipokuwa mutoto.

— Atosha, — mzee Kalume alisema. — Dada yangu. Aliitwa Atosha. Alikwenda na muuza mchele, hakurudi. Mama yetu alikufa anamuuliza. — Alimgeukia Kasimu. — Na wewe ulijua?

Kasimu aliinamisha kichwa.

— Nilifikiri tu, baba. Jamila aliniambia kwao hawali kambale, na nikamuangalia Muzee, nikaona kipaji cha uso ni kimoja na chako. Lakini sikuwa na hakika.

— Juu ya nini haukusema? — Bulaimu alifoka kutoka ndani ya shali. — Ungesema siku ile ya kwanza, ningekupa binti palepale!

— Njo maana, Muzee. Sikutaka kumupata Jamila kwa bei ya mama yako.

Bulaimu alishusha shali. Mama Jamila alikuwa analia bila kujificha. Jamila alimtazama Kasimu, na alipenda kwamba kijana huyu alikuwa amebeba kitu kikubwa namna ile kimya, asikitumie.

Mzee Kalume alisimama. Alichukua kikombe chake na kopo la sukari, akavuka, akakaa kwenye mkeka wa Bulaimu.

— Ee! — Mama Kabedi alipiga makofi. — Unaniacha peke yangu?

— Samahani, mama. Mimi njo mujomba wa huyu. Binti huyu ni mujukuu wangu. Siombi tena, sasa naombwa.

— Kigeugeu wewe! Utakula jogoo wetu ukiwa upande gani?

— Jogoo haijachinjwa bado. Sema vizuri, utapata mapaja.

Wote walicheka, na Bulaimu alicheka huku machozi yakimshuka, kicheko cha mtu aliyekuwa amechoka kuogopa. Mama Kabedi alijinyoosha, akatengeneza kitenge, akasema posa upya, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kituo cha reli. Alipomaliza, kila jicho lilimwelekea Kalume.

— Mimi nakubali, — mzee alisema. — Lakini kwanza mutoto wa dada yangu afike kwa mama yake. Aone nyumba, aone kaburi za wazee. Akirudi, tufunge ndoa.

Bulaimu alipangusa uso.

— Nitakwenda. Lakini njia... — Alisita. Ilimgharimu kusema. — Sijui njia.

— Kailo, Punia, Lubutu, — Kasimu alisema. — Kuna mito miwili haina daraja, lakini najua wenye mitumbwi. Tutakwenda pole.

— Utanisubiri nikichoka?

— Nitakusubiri, baba.

Ilikuwa mara ya kwanza Kasimu kumwita baba, na Bulaimu hakumrekebisha.

* * *

Walikwenda, wakarudi. Bulaimu alirudi amekonda, viatu vimeharibika, mdomo haufungi. Kila mteja aliyegusa kitambaa alisimuliwa juu ya nyumba ya mama yake, na juu ya mwanamke wa Punia aliyewapa ndizi kwa sababu alimtambua Kasimu tokea mbali.

Siku ya kuamkia ndoa, mfanyabiashara mmoja jirani aliegemea mlango wa duka, akacheka.

— Bulaimu, kweli umempa mugeni binti yako? Muntu asiyejua inchi?

Bulaimu alikuwa anakata kitambaa cha bibi harusi. Hakuinua macho, mkasi ukaendelea mpaka ukafika mwisho wa upindo.

— Njia nzima, ndugu yangu, — alisema, — mugeni alikuwa mimi.