Kisicho na Mwenyewe

Jiko bovu ambalo Teresina aliliweka nje ya ua lilipotea kabla hajageuka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na matope ya Atlabara, mtaa wa Juba, hushika hata ukucha wa kuku, lakini pale lilipokuwa jiko hapakuwa na unyayo wa mtu. Teresina hakujali. Alifurahi kwamba limemtoka.

Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi na watu walikuwa wakirudi kutoka Uganda. Wengi walirudi, ila mizigo hawakuifungua. Poni, mama mkwe wa Teresina, alikuwa mmoja wao. Mabunda yake yalijaza chumba kizima, yamefungwa kamba vilevile kama yalivyotoka kambini: sufuria zisizo na mashikio, magunia, mablanketi yaliyoliwa na panya. "Akiba haiozi," alipenda kusema. Teresina, aliyefunzwa na masista wa Gulu kwamba nyumba nzuri ni ile unayoifagia bila kuinua kitu, aliyachukia yale mabunda, na tuseme kweli, alimchukia na mwenyewe.

Taban, mumewe, alipoondoka na lori kwenda Yei, Teresina akaanza kazi. Njia yake ilikuwa rahisi: toa kila kitu uani, na kisichotumika tangu warudi kisiingie tena. Akazikata kamba.

"Hii mizigo mimi nabeba kwa kichwa toka Uganda," Poni alilia. "Wewe nakata kamba? Kesho vita narudi, tunakimbia na nini?"

"Vita imeisha, mama. Kalas!"

"Basi na mimi kalas. Huyu mtoto yako mimi sitoi nje."

Hilo lilikuwa neno zito. Katika ukoo wa Taban, mtoto mchanga hutolewa mlangoni na bibi mzaa baba, ambaye humwita jina mbele ya jua. Kabla ya hapo huitwa mgeni tu, na huhesabiwa kuwa bado hana mwenyewe. Mtoto wa Teresina alikuwa bado mgeni. Badala ya kuomba radhi, Teresina alikwenda langoni na hasira zake, adhuhuri, watu wote wamejificha jua, akapaza sauti: "Chochote cha nyumba hii kisicho na mwenyewe, anayetaka achukue!"

Mdomo uliponza kichwa.

Kesho yake, jua la utosi, ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, kisha nyuma ya ua wa matete ikasikika sauti nyembamba ya mtu aliyekauka koo, ikiuliza kwa Kiarabu cha Juba: "De bita munu?" Hii ya nani? Teresina akanyamaza. Gunia likaburuzwa, na halikuonekana tena. Kila adhuhuri sauti iliuliza, kila adhuhuri Teresina alinyamaza, na uani kukazidi kuwa kweupe. Mara moja tu Poni aliwahi kupiga kelele, "De bitai!", yangu hii, kwa ajili ya sufuria yake kuukuu, na sufuria ikabaki mahali pake, ya moto kama iliyotoka jikoni sasa hivi.

"Hii jini nani naita?" Poni alinong'ona. "Ni wewe."

"Hii jini nafanya kazi kuliko wewe, mama," Teresina akajibu. Mpumbavu yule! Alidhani amepata mtumishi.

Siku vitu vilipokwisha uani, harufu ile haikubaki nje, ilipita kwenye mlango uliofungwa, ikakifikia kitanda, na Teresina, aliyekuwa amejilaza na mwanawe ubavuni, akaona shuka la mtoto likivutwa polepole kuelekea ukutani, na mtoto juu yake, halii, macho kayatoa akitazama kitu kilichosimama nyuma ya kichwa cha mama yake, na ile sauti, sasa karibu kabisa na sikio, ikauliza bila haraka yoyote, "De bita munu?"

"De bitai!" Teresina alipiga yowe. "Wangu! Wangu!"

"Wewe umetoa," sauti ikasema. "Aliyetoa hachukui."

Aliishika miguu ya mtoto. Ilikuwa ya baridi, na ilikuwa ikimponyoka.

"Mama! Mama, njoo! Sema ni wako!"

Poni aliusukuma mlango. Hakumtazama Teresina. Alimnyakua mtoto, akatoka naye mbio, akamwinua juani. "Igga!" aliita kwa nguvu zake zote. "Wewe Igga ya Taban, mjukuu yangu. De bitai!"

Mtoto akalia. Teresina, chini sakafuni, naye akalia, akimshukuru Mungu na mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza alimaanisha. Akataka kuinuka awafuate. Vidole vikavu vikamshika kifundo cha mguu.

"De bita munu?"

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Mama, nisamehe. Sema tu neno moja."

Poni alisikia vizuri. Alimfunga mjukuu wake mgongoni, akaokota mtungi, akaenda zake kuchota maji.