Kioo Kisichokauka

Vioo vyote vya hadubini kwenye trei vilikuwa vimekauka, isipokuwa kimoja. Fundi wa maabara alikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, na gundi ya kubandikia kifuniko ikatiririka kana kwamba imedondoshwa sasa hivi. Ndipo alipoona alama ya kidole. Haikuwa juu ya kioo. Ilikuwa ndani, kati ya kioo na kifuniko chake, mahali ambapo hata unywele haupenyi.

Alikuwa amechoka mno hata asishtuke. Wenzake wawili walistaafu, na mkuu wa maabara, yule bwana wa tai ndefu na maneno marefu zaidi, hakuajiri hata paka. Kazi yote ikamwangukia yeye: kukata nyama za wagonjwa ziwe nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuzibandika kwenye vioo, kuzipaka rangi, kuzifunika, kuzianika, kuzipanga kabatini.

Nyama ya kioo hiki ilitoka kwenye titi la mdogo wake.

"Hicho bado tu?" Mkuu alichungulia mlangoni. "Daktari bingwa anaondoka jioni. Kisukumie kabatini na vingine."

"Kikiingia kibichi kitagandana na jirani yake, bosi. Ukivibandua, nyama inachunika."

"Basi mdogo wako atamsubiri bingwa arudi."

"Na uvimbe nao utamsubiri?"

Mkuu akakohoa, akaenda zake. Kwa kukohoa hajambo.

Fundi alikiweka kioo juu ya bamba la moto. Badala ya harufu ya dawa, chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa, halafu akasikia pumzi, nzito, ya polepole, si nyuma yake wala mlangoni bali pale pale chini ya uso wake, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, mpaka akagundua kwamba inakwenda sawasawa na yake, na alipoibana yake, ile nyingine ikaendelea.

"Nani?" alinong'ona.

"Mwenye pumzi yako." Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyejaza maji kinywani.

"Sikukupa kitu mimi."

"Ulinipulizia mwenyewe."

Akakumbuka. Nta iliyoshika nyama ya mdogo wake ilikuwa ikimegekamegeka kwenye mashine ya kukatia, naye akaisogezea mdomo, akaipulizia hewa ya moto ilainike, kama wafanyavyo mafundi wote wasipoonwa. Hakuwahi kufikiri kuna wa kuipokea.

"Toka kwenye kioo cha mdogo wangu."

"Nikanywe wapi?"

"Kunywa kwangu," alisema, hana hata nguvu ya kubembeleza. "Wenzio wenye tai walishaanza zamani."

Kioo kikakauka.

Jioni ile bingwa aliinua macho kutoka kwenye hadubini. "Si saratani. Uvimbe wa kawaida."

Mdogo wake, aliyekuwa akingoja mlangoni, alimrukia shingoni, akalia hadi bega la koti jeupe likalowa chapachapa. Fundi naye alitaka kulia. Macho yalimwasha tu, makavu kama mchanga. Si kitu, alijiambia. Bei ndiyo hiyo, na nimelipa mimi.

Kisha akatazama begani. Ule unyevu ulikuwa ukisinyaa, ukirudi nyuma kuelekea shavu la mdogo wake, kama unaonyonywa. Alikuwa amesema "kwangu", na mdogo wake naye ni wa kwake.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, akilamba midomo iliyoanza kupasuka, "nina kiu."