Mbegu Zilizomwagiwa Maji ya Moto

Kila Ijumaa jioni, kabla ya kwenda zamu yake ya usafi kwenye uwanja wa ndege, Mama Annonciata alimimina maji ya moto ya birika juu ya maharage, akafunika bakuli kwa sahani. Kesho yake maharage yaliiva upesi. Miradie, bintiye wa miaka kumi na miwili, aliizoea kazi hiyo tangu utotoni, pale pale jikoni kwao katika mji wa Hayes, ughaibuni, hata mikono yake ikaijua yenyewe.

Ndiyo maana Ijumaa moja mikono ilitangulia, akili ikabaki nyuma. Kwenye klabu ya watoto ya bustani ya mimea, kila mtoto alikuwa amepewa mbegu chache za mti wa nchi kame, mti uliokatwa huko unakoota hadi karibu kwisha. Bi Tejal, mtaalamu wa mbegu, aliwaambia waziloweke usiku kucha kwa maji baridi, kisha Jumamosi waje kuzipanda. Hata wataalamu wenyewe walikuwa wameshindwa kuziotesha. Jioni hiyo, nyumbani, Miradie akazitia bakulini, akazimiminia maji ya birika lililotoka kuchemka. Alipokumbuka kuwa waliambiwa maji baridi, mvuke ulikuwa umeshampanda usoni.

Asubuhi mbegu zilikuwa zimevimba. Kaka yake, Ghislain, akachungulia bakulini. "Hizi umezipika, dada. Tia chumvi tule."

Miradie hakucheka. Ndani ya basi alimweleza rafiki yake Rupinder, naye akamshauri anyamaze tu. Mbegu zikishafukiwa, nani atajua? Ushauri ulikuwa mtamu. Lakini alipomwona Bi Tejal akizishika mbegu za wenzake kwa ncha za vidole, kama mtu ashikaye yai la ndege, moyo ukakataa kunyamaza.

"Bi Tejal, zangu nilizimwagia maji ya moto. Nafikiri nimeziua."

Watoto wakaguna. Solomon, mcheshi wa klabu, akaziita supu ya Miradie. Bi Tejal hakumgombeza. Alimwuliza maji yalikuwa moto kiasi gani, na mbegu zilikaa humo muda gani. Kisha wakazipanda, chungu chake kikawekwa peke yake mwisho wa meza.

Majuma yakapita. Miradie alimwagilia udongo mtupu huku wenzake wakimwuliza kama supu imeiva. Vyungu vyao navyo vilikuwa vitupu, ila hilo hawakulitaja.

Jumamosi moja aliingia kwenye nyumba ya vioo, akasimama ghafla. Chunguni mwake miche ilikuwa imechomoza, imebeba maganda ya mbegu kichwani kama kofia. Kwingine kote, udongo tu. Solomon akauliza, safari hii bila mzaha, supu ile inapikwaje.

Bi Tejal akawaeleza kwamba ganda la mbegu hizo ni gumu, maji baridi hayapenyi, na moto ndio uliolilegeza. Wataalamu walijua ziko mbegu zipendazo maji ya moto, lakini hizi zilikuwa chache mno, wakaogopa kujaribu. Siku hiyo hiyo mbegu nyingine zikatolewa ghalani, birika likaletwa, na aliyepewa kumimina ni Miradie. Klabu nzima ikapiga makofi.

Mama Annonciata alipokuja kumchukua, Bi Tejal alimwonyesha miche.

"Birika kila mtu analo, mama. Lakini mwanao alisema ukweli alipodhani utamwaibisha. Angenyamaza, mbegu zingeota na sisi tusingejua kwa nini, na mti huu ungetuponyoka mikononi."

Mama akamvuta bintiye kifuani. "Na mimi nilidhani namfundisha maharage tu."