Nyumba Iliyopotea Juu ya Kasenga

"Kule ku mulima hakuna nyumba, ni majani tu," shangazi Nyiransengimana alisema hata kabla ya kukaa. "Ule kijana iko nadanganya."

Pudentienne ndiye aliyemtuma kukagua nyumba ya Cyprien, kijana aliyempenda. Kwao shangazi ndiye hukagua nyumba ya mchumba. Bila neno lake ng'ombe wa mahari hawapokelewi. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru wa Kongo, waasi walishasikika bonde la Ruzizi, na baba yake alitaka binti aolewe upesi. Tayari alikuwa amemchagulia Onesphore, mwenye nyumba ya mabati kando ya barabara ya Rugenge.

Asubuhi Pudentienne alipanda mlimani, juu ya mtaa wa Kasenga, hasira imemjaa. Akamkuta Cyprien amesimama chini kidogo ya mteremko.

"Weye ulinidanganya?"

"Uko nasimama juu yake."

Akatazama miguu yake. Kumbe nyasi zile zilikuwa paa! Cyprien akamshika mkono, wakazunguka hadi mlango uliotazama ziwa. Alikuwa amechimba chumba ndani ya mlima, akapanga mawe ya kijito, akarudisha udongo na nyasi juu, bila kukata mti hata mmoja. Nje jua lilichoma, ndani palikuwa baridi tamu. Upepo wa Tanganyika uliingia kwa matundu ya chini na kutokea ya juu. Mawe ya jiko yalitunza moto, hivyo kuni chache zilitosha hadi asubuhi. Mwanga wa maji ulicheza darini, na Pudentienne akanong'ona kana kwamba anaogopa kujiamsha.

"Sasa sababu gani haukuita shangazi?"

"Nilimusikia anapita juu ya kichwa. Ni mukwe wangu. Namuita namna gani? Nilisikia haya, nikajificha."

Pudentienne alicheka mpaka machozi. Alimpenda kijana huyu hadi adabu zake za kijinga.

Akashuka kumleta shangazi, na baba akafuata kwa manung'uniko. Shangazi aliingia, akaketi mkekani, akafumba macho.

"Na waasi bakipanda huku?" baba aliuliza mlangoni.

"Miye nilitumwa kuitafuta, nikaikosa," shangazi alijibu bila kufumbua macho. "Bale bataiona namna gani?"

Baba akamgeukia Cyprien, akamwambia alete ng'ombe.