Mzigo Unaooza Mbele

Siku Sekela alipokutana na Makene, nusura akanyagwe na tela. Ilikuwa asubuhi, yadi ya malori pale mjini Mpemba, honi kila kona, wauza mahindi ya kuchoma wanapita katikati ya matairi, na binti wa watu wa Ibaba kavaa gauni la kitenge cha bluu na raba nyeupe, macho yote kwenye laptop.

"Dada! Rudi nyuma!"

Akavutwa mkono. Aliyemvuta alikuwa kijana mrefu, kizibao cha njano, buti zimejaa vumbi, na tabasamu ambalo, tuseme ukweli jamani, lingemsumbua hata mke wa mchungaji.

"Mimi Makene, msimamizi wa maegesho. Wewe ndiye mtaalamu aliyeletwa na Mzee Hezron?"

"Ndiyo mimi. Na wewe ndiye unayetafuta lori kwa kupanda juu ya tangi na kupiga mluzi?"

"Si nalipata!"

"Baada ya saa nzima, kaka."

Mzee Hezron, mwenye yadi, alitaka programu ya kutafuta lori kwa namba ya tiketi. Sekela akaieleza kwa maringo.

"Mashine inafungua orodha katikati. Tiketi ninayoitafuta ni kubwa kuliko ile ya pale? Basi nusu ya mbele yote inatupwa. Inafungua tena katikati ya iliyobaki. Malori mia tano, haiulizi zaidi ya mara tisa. Mradi orodha iwe imepangwa."

"Yangu imepangwa," Makene akasema, kifua mbele.

Sekela hakuuliza imepangwaje. Msomi na kuuliza, wapi na wapi!

Miezi miwili haikupita, simu kati yao zikawa hazipoi.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe!" Na anacheka hadi wenye duka la jirani wanachungulia.

Jumanne moja, programu ndiyo kwanza imewashwa na Makene akiwa mapumziko, akaja Mama Fortunata, mfanyabiashara wa vitunguu. Dereva wake alikuwa ameliacha lori yadini akaenda kulazwa, tiketi namba 412. Sekela akatafuta. Mashine ikajibu: halipo. Akarudia. Halipo. Vijana wakazunguka kule nyuma kwenye mia nne zote, hola.

"Jana getini alikuwa nani?" Mzee Hezron akauliza. Kila mtu alijua. Sekela akapiga simu, wote wanasikiliza.

"Makene, lori 412 ulilitoa?"

"Nilitoe kwa ruhusa ya nani?"

"Ndiyo nauliza. Mashine haidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo? Mwizi?"

"Sikusema..."

Simu ikakatwa. Robo saa baadaye akashuka kwenye bodaboda, akamwamkia mzee na Mama Fortunata, akaenda safu ya kwanza kabisa, akapiga kofi mlango wa lori lililofunikwa turubai.

"Mzigo unaooza unakaa mbele. Nyanya, vitunguu, samaki. Tiketi zinafuata baadaye. Orodha yangu iko hivyo tangu mwaka juzi. Mzee, kazi yako naiacha." Akamgeukia Sekela. "Na wewe nilidhani unanijua."

Sekela alilia, kisha akafungua programu na kuliona kosa lake. Orodha ilipangwa kwa mzigo kwanza, yeye akaiambia mashine ilinganishe tiketi peke yake. Mashine ilifungua katikati, ikakuta namba ndogo, ikatupa nusu ya mbele pamoja na vitunguu vya Mama Fortunata. Akaandika upya: linganisha mzigo kwanza, ukilingana ndipo tiketi. Akaingiza vitunguu na 412, lori likapatikana papo hapo. Makene ndiye aliyekuwa hapatikani. Simu kumi na nne, hakupokea hata moja.

Ijumaa akapokea. "Sekela, niache."

"Kesho wenye yadi nyingine wanakuja kuiona programu. Njoo usimame getini tu. Ukisikia neno usilolipenda, ondoka, sitakupigia tena maisha yangu yote."

Akaja. Shati jeupe limenyooshwa, mikono kaikunja kifuani. Sekela alikuwa mbele ya matajiri wa malori, gauni jekundu, sauti imara. Mmoja akauliza, "Binti, tumesikia kuna lori lilipotea?"

Mzee Hezron akakohoa. "Mambo madogo hayo."

"Si madogo, mzee. Kosa lilikuwa langu. Nilimtuhumu mtu mbele ya watu, namsafisha mbele ya watu. Kanuni ya kulinganisha mnayoiona hapa si ya kwangu. Ni ya Makene, yule pale getini. Aliitunga kwa akili yake, mimi nimeiandika tu, na jina lake nimeliweka humu ndani."

Makofi yakalipuka. Mzee Hezron mwenyewe akamfuata Makene, akamshika mkono, akamwomba radhi na kumrudisha kazini. Makene akatembea mpaka mbele, akasimama ubavuni mwa Sekela.

"Nina swali kwa mtaalamu."

"Uliza."

"Nikija Ibaba kwa baba yako, nije na ng'ombe wangapi?"

Yadi nzima ikapiga kelele. Machozi yakamtoka Sekela na hakuyafuta.

"Hilo utamuuliza baba. Mimi nakuambia uje. Jumapili, baada ya ibada, na mshenga mwenye adabu."

Ndivyo alivyochumbiwa binti wa Ibaba, mchana kweupe, na kichwa hakukiinamisha hata kidogo.