Vyuo Vitatu vya Mwalimu Mdoe

"Vyuo vitatu, Mdoe, na hukuniambia hata kimoja?"

Mwaija hakuacha kutwanga. Mchi ulipanda na kushuka juu ya makopa ya muhogo kana kwamba kinuni mlikuwa na kichwa cha mtu. Mchumba wake Mdoe, mwalimu wa shule ya serikali hapa Korogwe, alisimama uani na mkungu wa ndizi begani, hajui autue au akimbie nao. Ndoa yao ilikuwa Ijumaa.

"Nilidhani unajua," alisema. "Mwalimu asiyepitia chuo ni mwalimu gani?"

Mchi ukatua kwa kishindo, kuku wa kijiji kizima cha Kwamndolwa wakaruka. Wa Mkumbara kule mbali nao, wasema watu, hawakutaga mpaka mwezi ukaandama.

Mambo yalianza asubuhi ile. Mdachi mmoja wa chuo kikuu cha kwao Ulaya, mwenye masharubu ambayo ndege wawili wangelala humo wasionane, alikuwa akizunguka Handeni na Korogwe kuchunguza jinsi watoto wanavyofundishwa, apate kuishauri serikali. Watu walimwita Bwana Maswali. Barazani pa shule akamuuliza Mdoe amepitia vyuo vingapi. Mdoe hakuficha: cha kwanza Magoma, alipigwa mno akatoroka, cha pili Handeni, alikaa kwa raha mpaka akamaliza, cha tatu Tanga, na huko bado wanamwita.

Shangazi yake Mwaija, Mashavu, alikuwa akipita na kuni. Na kwetu, ukimuuliza mwanamume mzima vyuo vyake, humuulizi alikosoma. Unamuuliza kaoa mara ngapi. Shangazi alibwaga kuni, akafika nyumbani kabla vumbi lake halijatua shuleni. Baba yake Mwaija akasema mtu anayeficha wake watatu hampi binti yake.

Kuoa, Mwaija angemsamehe. Kufichwa ndiko kulikomkaa kooni.

"Yule wa Magoma," aliuliza, "ulimwacha kwa talaka ngapi?"

"Kwa mbio tu. Alikuwa na bakora."

"Mwanamke akakupiga bakora?"

"Mwanamke yupi? Maalimu Salimu, na ndevu zake mpaka kifuani."

Mchi ukabaki juu.

"Na wa Tanga anayekuita?"

"Mdachi mmoja mwenye kitambi. Anataka nikafundishe hesabu huko. Nimemkatalia, Mwaija. Nikienda Tanga, nani atanisonya kila jioni?"

Mwaija alitaka kusonya, kikatoka kicheko. Akamtua mkungu begani, polepole, mkono ukachelewa kuondoka.

Nyuma ya ukuta Shangazi Mashavu alikohoa, akasema kuni zake zimebaki njiani, ngoja akaziangalie.

"Shikamoo, shangazi," Mdoe aliusalimu mgongo wake.

"Upite kwa baba kwanza, shangazi, ukamweleze," Mwaija alimwambia. "Kwa mbio zilezile."

Shangazi hajafika mbali, Bwana Maswali akatokea, anamfuata mwalimu kwa mengine aliyosahau kuuliza. Alimwona Mwaija, akavua kofia.

"Na wewe, bibi, umepitia vyuo vingapi?"

"Bado, bwana. Cha kwanza naingia Ijumaa."

"Vizuri sana. Mwalimu wako nani?"

"Huyu hapa," alisema Mwaija, mchi mkononi. "Na akithubutu kutafuta chuo kingine, bakora ya Magoma ataiona pamba."

Bwana Maswali alitikisa kichwa kwa furaha. Na Ijumaa, alipoona ngoma, pilau na vigelegele, aliapa kwamba huko kwao Ulaya hajapata kuona mwanafunzi akipelekwa chuoni kwa heshima namna ile.