Hita ya Babu Gia

Maiti ilikuwa imelala ubavu, blanketi hadi kifuani, kama mtu aliyeamua kujiongezea dakika tano za usingizi. Midomo yake ndiyo iliyomsimamisha Inspekta mlangoni. Ilikuwa na wekundu ambao mzee wa miaka sitini na minane hana, tena asubuhi yenye baridi ya kung'ata.

"Usiingie," alimwambia Koplo. "Acha mlango wazi kwanza hewa ibadilike. Maiti moja inatutosha."

Marehemu alikuwa dereva mstaafu wa malori, na mtaa mzima ulimwita Babu Gia. Alifia ndani ya gari-nyumba lake, basi dogo kuukuu alilolitia kitanda, jiko na bafu, likaegeshwa uani kwake mwenyewe, usawa wa mlango wa jikoni. Mkewe ndiye aliyemkuta, saa mbili asubuhi, baada ya kuona pazia halijafunguliwa.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. "Moshi," alisema akivua glavu. "Moshi huu una hewa ya sumu isiyo na harufu, ndiyo iliyoifanya midomo iwe myekundu. Ikimkuta mtu amelala, haamki tena. Nitathibitisha kwa damu, lakini wewe anza kazi yako."

Inspekta aliinua ubao wa chini ya kitanda. Pale palikuwa na hita ya maji, kidude cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiatu cha mwanajeshi, kinachochoma dizeli ili mtu aoge maji ya moto. Babu Gia alikuwa ameitegesha ijiwashe saa kumi alfajiri. Moshi wake ulipaswa kupita kwenye bomba na kutokea chini ya gari. Bomba lilikuwa limechomoka. Klipu iliyolishika ilining'inia tu, na masizi yalikuwa yametapakaa hadi kwenye chaga za kitanda.

Kwenye kabati alikuta kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja.

"Alikuwa anaishi humu?" alimuuliza mjane, aliyekuwa amesimama uani, khanga kaivuta hadi kidevuni.

"Miezi mitatu sasa."

"Mligombana?"

"Hatukugombana. Alipenda gari lake." Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Ni yule fundi. Mwezi huu pekee kaja mara tatu. Akigusa hiki, kinaharibika kile. Juzi tu alikuwa hapa."

Saa tatu na nusu fundi alikuwa mahabusu. Saa nne Mkuu wa Kituo alipiga simu, sauti imekunjuka.

"Hii kesi imejipika yenyewe, Inspekta. Kuua bila kukusudia. Nataka jalada mezani saa nane."

"Afande, sijamhoji."

"Basi mhoji haraka."

Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, mikono imekomaa kwa mafuta. Aliiweka juu ya meza. Alijua fika kinachomsubiri: miaka gerezani, na akitoka, hakuna atakayempa hata baiskeli aitengeneze.

"Ulikaza klipu ya bomba la moshi?"

"Niliikaza."

"Una uhakika?"

"Afande, mimi nikishakaza klipu naipiga mstari wa rangi nyeupe. Mstari unaanzia kwenye skrubu, unaishia kwenye mkanda wake. Ikiguswa, mstari unakatika. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijawahi kuacha."

"Unakaza kwa bisibisi?"

"Bisibisi inaua kichwa cha skrubu. Natumia spana namba saba."

"Mara tatu kwa mwezi mmoja. Wewe fundi au mganga?"

Kijana alihesabu kwa vidole. "Mara ya kwanza ilikuwa mpira wa kupitishia mafuta. Klipu yake imezeeka, hewa inaingia kwenye dizeli, hita haiwaki. Nikaweka mpya. Wiki mbili baadaye, tatizo lilelile. Juzi, lilelile tena. Nikachoka. Nikaufunika mpira wa mafuta kwa bamba la chuma, nati nne, asiufikie hata panya."

"Hiyo klipu mpya ililegezwa na nini, ulidhani?"

"Mtikisiko."

"Mtikisiko?" Inspekta aliinamia meza. "Gari limesimama miezi mitatu. Linatikiswa na nini?"

Fundi aliinua macho. Swali lile hakuwahi kujiuliza.

"Jana Babu Gia alioga?" Inspekta aliendelea.

"Alinipigia simu asubuhi kunishukuru. Maji moto, akasema, hadi kaimba."

Hapo Inspekta alipiga hesabu. Kama fundi angekuwa ameliacha bomba wazi juzi, Babu Gia angekufa jana. Jana aliimba. Kilichofanyika, kilifanyika baada ya wimbo.

"Swali la mwisho. Mara ile ya kwanza, ulimweleza nani kilichoharibika?"

"Mzee alikuwa ametoka. Mama ndiye aliyenimulikia tochi. Alitaka kujua. Nikamwambia, mama, klipu hii ikilegea kidogo tu, hewa inaingia, mashine haiwaki hata uipigie magoti."

Inspekta alifunga daftari. Jibu lile hakulipenda hata kidogo. Alikuwa na mama wa rika lile nyumbani.

Saa sita alirudi uani na Koplo. Walilala kifudifudi chini ya kitanda cha marehemu, tochi mdomoni. Mstari mweupe ulikuwepo. Nusu yake ilibaki kwenye mkanda wa klipu, nusu imezunguka na skrubu. Na kichwa cha skrubu kilikuwa kimetafunwa na ubapa mpana usio wa bisibisi.

"Piga picha," Inspekta alisema. "Kisha tukaombe maji ya kunywa."

Jikoni, mjane aliwamiminia maji bila kuuliza. Inspekta alikunywa polepole, macho yakizunguka. Kwenye chombo cha kukaushia vijiko palikuwa na kisu cha kupakia siagi, ncha imepinda. Alikichukua kwa leso na kukigeuza dirishani. Kwenye shingo ya mpini, mahali ambapo sponji haifiki, palikuwa na chembe ya rangi nyeupe.

"Mama, jana mzee alitoka saa ngapi?"

"Alasiri. Alikwenda kinyozi."

"Nawe uliingia kwenye gari."

"Nilipeleka shuka safi."

"Na kisu cha siagi?"

Mjane alivuta kiti akakaa. Hakulia. Alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Fundi yuko mahabusu," Inspekta alisema. "Saa nane jalada linaondoka na jina lake. Ukinyamaza, atafungwa. Mimi nitajua, na wewe utajua."

Koplo alikohoa, Inspekta akamkata jicho.

"Sikutaka afe," mama alisema mwishowe. "Niandikie hilo kwanza."

"Nimeandika."

"Nilitaka maji yawe baridi tu. Baridi hii, mzee yule, akikosa maji moto siku mbili angeingia ndani kuoga. Akiingia kuoga, angekaa anywe chai. Hiyo ya mara ya pili ni mimi. Na ya juzi ni mimi. Nalegeza ile klipu, hewa inaingia, haiwaki. Lakini badala ya kuja kwangu akamwita fundi. Jana nikakuta pamefunikwa kwa chuma. Nikaona klipu nyingine inafanana na ile. Nikasema hata hii, hewa ikiingia, haitawaka."

"Hiyo haiingizi hewa, mama. Inatoa moshi."

"Najua sasa. Alfajiri nikasikia inanguruma. Nikasema ah, imewaka tena, kijana yule kanishinda. Nikageuka upande wa pili nikalala."

Inspekta aliacha kuandika. Alimhurumia, na wakati huohuo alimkasirikia kwa ajili ya yule kijana. "Ulipomkuta, ulijua."

"Nilijua. Nikaogopa, nikamsukumia mwana wa watu. Mungu anisamehe."

"Mzee aliihama nyumba kwa nini?"

"Utani." Alicheka kicheko kikavu. "Alipostaafu, alinihamishia cherehani yangu, akapanga vyombo vyangu upya. Nikamtania: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Madereva wenzake walikuwepo. Hakusema kitu. Akabeba mto wake akatoka."

Koplo alikuwa ameshatoka nje kumpigia Mkuu simu. Sauti yake ilisikika dirishani: fundi aachiwe, ndiyo Afande, sasa hivi.

Inspekta alisimama na pingu mkononi, akazirudisha mfukoni. "Miezi mitatu, mama. Kwa nini hukumwita tu?"

Mjane aliutazama mlango wa jikoni.

"Miaka arobaini alikuwa anaondoka na lori, anarudi mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfungulia mlango. Kumwita sikuwahi kujifunza."